Injini Inayokosa Petroli: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Gramu moja ya petroli huungua kikamilifu ikipata takriban gramu 14.7 za hewa. Hewa ikizidi hapo, au petroli ikipungua, injini hufanya kazi kwa mchanganyiko hafifu. Dereva huliona hilo kabla ya fundi: gari linasitasita likikanyagwa mafuta, linatetema likisimama kwenye foleni, na mlimani linakosa nguvu. Hali hiyo ikiachwa huku injini ikibeba mzigo mkubwa, joto ndani ya silinda hupanda, injini hugonga, na valvu za ekzosi au hata pistoni huweza kuungua.

Katika injini za nozeli, habari za upungufu huo huletwa na sensa ya oksijeni iliyochomekwa kwenye bomba la ekzosi. Bosch ya Ujerumani iliiingiza sokoni mwaka 1976, kwanza kwenye magari ya Volvo. Katika aina yake iliyozoeleka, volti zikikaa chini ya 0.45, moshi umebaki na oksijeni nyingi. Kontroboksi hujibu kwa kuziacha nozeli wazi kwa muda mrefu zaidi, na nyongeza hiyo huihifadhi kwa asilimia. Asilimia 5, hata 10, ni ya kawaida. Ikikaribia 25, magari mengi huwasha taa ya injini na kuhifadhi msimbo P0171, au P0174 kwa upande wa pili wa injini ya V.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Msimbo unasomwa, sensa inalaumiwa, inanunuliwa mpya, na baada ya siku chache taa inawaka tena, kwa kuwa mara nyingi sensa ilikuwa imesema kweli. Ila sensa hiyo haipimi petroli. Hupima oksijeni tu. Ekzosi iliyopasuka kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, na silinda isiyochoma kwa sababu ya plagi au koili mbovu hutoa hewa yake bila kutumika. Yote mawili huonekana kama upungufu wa petroli ingawa petroli ipo, kwa hiyo sehemu hizo hukaguliwa mwanzo.

Kinachofuata ndicho kiini cha uchunguzi wote, nacho hakihitaji kufungua bolti hata moja. Asilimia za nyongeza husomwa kwa mashine injini ikiwa ya moto: kwanza ikinguruma bila kukanyagwa, kisha kwenye mizunguko kama 2,500 kwa dakika, na mwisho gari likipanda mlima. Nyongeza ikiwa kubwa gari limesimama, kisha ikashuka mizunguko ikipanda, kuna hewa inayoingia nyuma ya sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayovutwa na injini, bila kuhesabiwa. Hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya hewa yote injini ikiwa imetulia, lakini ni kidogo mno throto ikifunguka. Nyongeza ikikua kadiri mzigo unavyoongezeka, tatizo liko kwenye petroli yenyewe au kwenye sensa ya hewa.

Hewa ya wizi hupenya kwenye mipira iliyokauka, hasa ule wa breki na ule unaorudisha mvuke wa oili, au kwenye gasketi ya manifoldi. Moshi unaosukumwa ndani kwa mashine maalumu huonyesha ufa papo hapo. Kupuliza petroli juu ya injini ya moto ili kusikia mlio ukibadilika kunaweza kuteketeza gari zima, na hakufai kabisa.

Upande wa petroli, geji ndiyo hukata shauri. Injini nyingi ambazo nozeli zake hupuliza nje ya silinda hutaka msukumo wa takriban baa 3. Ukishuka gari likipanda mlima, filta imeziba au pampu imechoka. Msukumo ukiwa mzuri, sensa ya hewa ndiyo ya kuchunguzwa. Waya wake mwembamba ukifunikwa na vumbi huhesabu hewa pungufu, na kontroboksi nayo hutoa petroli pungufu. Waya huo husafishwa kwa dawa yake tu, bila kuguswa kwa kidole wala brashi.

Baada ya matengenezo, kumbukumbu ya nyongeza hufutwa na gari huendeshwa kabla ya kupimwa tena. Taa kuzimika peke yake hakutoshi. Asilimia zikirudi karibu na sifuri katika hali zote tatu, chanzo kimepatikana.