Namba Ambayo Kocha Haioni

Katika baadhi ya michezo ya kompyuta ya kuongoza timu, kila mchezaji ana namba mbili zilizofichwa. Ya kwanza ni uwezo wake wa leo. Ya pili ni kikomo, yaani mahali anapoweza kufika akikua vizuri. Football Manager hutumia kipimo cha 1 hadi 200, na ndugu yake wa magongo ya barafuni, Eastside Hockey Manager, hufuata mtindo huohuo. Winga wa miaka 16 anaweza kuwa na 70 leo na kikomo cha 150. Mkongwe wa miaka 29 akawa na 120 na asibakize hata hatua ya kupanda. Wewe unayecheza huoni namba hizo. Skauti wako hukuletea nyota tu, na nyota zenyewe hupimwa kwa kulinganisha na kikosi ulichonacho.

Kinachonivutia zaidi ni hiki: waundaji wenyewe mara nyingi hawampi kijana namba moja ya kikomo. Humpa wigo, tuseme 130 hadi 160, na kila mchezo mpya unapoanza kompyuta huchagua namba mojawapo humo. Ndiyo maana chipukizi yuleyule huwa tegemeo kwako na wa kawaida kwa jirani. Waundaji hao wamekubali kwamba mtoto hasomeki mara moja akamalizika.

Busara hiyo ingefaa sana Ngumbo, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Nyasa, Tanzania, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Shule za msingi za ukanda huo, kama za nchi nzima, huchagua watoto wa kwenda UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na muda wa kuchagua huwa mfupi. Macho humfuata mrefu, mwenye mbio na shuti zito. Lakini darasa la saba moja linaweza kuwa na mtoto wa miaka 12 na mwingine wa 15, na miaka hiyo mitatu ndiyo ya kubalehe: mifupa, misuli na pumzi hubadilika kabisa. Yule mkubwa anatuonyesha namba ya kwanza, nasi tunaiandika kana kwamba ni ya pili.

Wakanada walilipima jambo hili kwenye magongo ya barafuni. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walichunguza miezi ya kuzaliwa ya wachezaji, wakakuta waliozaliwa Januari hadi Machi ni wengi kupita kiasi. Sababu ilikuwa tarehe ya kugawa watoto kwa umri, Januari 1. Wa Januari alikuwa amemzidi wa Desemba kwa miezi kumi na moja hivi, akachaguliwa, akapata mazoezi na mechi zaidi, na mwishowe akawa bora kweli. Kama miezi inafanya hivyo, miaka mitatu itafanya nini?

Kwa hiyo nataka mwalimu wa michezo aandike umri kabla ya kuandika sifa. Kisha atazame yale ambayo urefu hauyasaidii sana: mguso wa kwanza, kugeuza shingo kabla ya pasi kufika, anachofanya mtoto sekunde mbili baada ya kupokonywa mpira.

Hata hivyo kikomo peke yake hakimfikishi mtu. Ndani ya michezo hiyo kijana asiyepewa mechi hudumaa, na asiye na bidii hubaki chini ya wigo wake. Freddy Adu alisajiliwa na D.C. United ya Marekani akiwa na miaka 14, dunia ikamtangaza mfalme ajaye. Akaishia kuhamahama klabu. Mtanzania Mbwana Samatta hakutangazwa hivyo. Alipanda kutoka African Lyon kwenda Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, akakaa huko hadi alipotwaa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndipo Genk ya Ubelgiji ikamchukua Januari 2016, akiwa na miaka 23. Kila ngazi ilimpa mechi za kucheza, naye alikuwa tayari kwa ngazi hiyo.

Wigo hupungua upana kadiri umri unavyosogea na mechi zinavyoonekana. Wa miaka 19 aliyetazamwa msimu mzima anaweza kuandikiwa wigo mwembamba. Mtoto wa miaka 12 wa Ngumbo, aliyeonekana mchana mmoja juu ya mchanga, ningemwandikia wigo mpana kuliko ule wa kompyuta, na pembeni yake tarehe ya kumtazama tena.