Kuezua na kuezeka upya: Hesabu ngumu ya paa la nyumba Dar es Salaam

DALILI ya kwanza mara nyingi huwa ni doa la rangi ya chai kwenye dari. Mwenye nyumba hulipaka rangi nyeupe, mvua za vuli hupita, na masika yanapoanza Machi doa lile hurejea likiwa na wenzake wawili. Siku si nyingi ndoo na mabeseni hupangwa sebuleni, kochi husogezwa ukutani, na familia huanza kulijadili jambo ambalo limekuwa likiahirishwa kwa miaka: kuezua paa lote na kuezeka upya.

Kwa mkazi wa Jiji la Dar es Salaam, uamuzi huo ni mzito kuliko unavyoonekana. Aliyejenga alikwenda kidogo kidogo, msingi mwaka huu na kuta mwaka ujao, akipumua kila alipoishiwa. Paa la nyumba inayokaliwa halitoi nafasi hiyo. Likishafunguliwa ni lazima lifungwe, tena ndani ya siku chache, na fedha zote ziwe mkononi.

Adui mkubwa wa paa la pwani ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembe zake na kuzitua juu ya mabati, nazo huvuta unyevu wa hewa na kukaa hapo usiku na mchana. Bati ni chuma kilichofunikwa kwa utando mwembamba wa zinki. Utando huo ndio unaoliwa kwanza, na ukishakwisha, kutu hukivamia chuma chenyewe.

Kasi ya kuliwa huko inajulikana. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinayagawa mazingira kwa makundi kulingana na ukali wake. Katika kundi la C4, ambalo hujumuisha maeneo ya pwani yasiyorushiwa maji ya bahari moja kwa moja, zinki hupungua kwa mikroni 2.1 hadi 4.2 kwa mwaka. Katika kundi la C5, lenye chumvi nyingi zaidi, hupungua kwa mikroni 4.2 hadi 8.4.

Tarakimu hizo zina maana pale mnunuzi anapojua bati lake lina zinki kiasi gani. Bati lenye gramu 100 za zinki kwa kila mita ya mraba, zikihesabiwa pande zote mbili, lina utando wa mikroni saba hivi kila upande. Lenye gramu 275 lina karibu mikroni 20. Kwa mazingira ya C4, lile la kwanza linaweza kumaliza kinga yake ndani ya miaka miwili hadi mitatu na kidogo, na la pili likaenda miaka mitano hadi tisa, kama hakuna rangi juu yake. Kwa macho, yakiwa dukani, mabati hayo mawili hung'aa sawasawa.

Ndiyo maana nyumba iliyoko Msasani au Kigamboni karibu na ufukwe haiwezi kuezekwa kwa hesabu ileile ya nyumba ya Kimara. Ukali wa chumvi hushuka haraka kadiri mtu anavyokwenda bara, na bati linalodumu kwa shemeji huko Morogoro si ushahidi wa lolote kwa mtu wa Kunduchi.

Ipo aina nyingine ya utando, yenye asilimia 55 ya aluminiamu, zinki asilimia 43 na ushee, na silikoni kidogo. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1972, na leo ndiyo inayowekwa chini ya rangi kwenye mabati mengi ya bei ya juu. Dhidi ya hewa ya chumvi hustahimili kuliko zinki tupu yenye unene uleule, ingawa haipendi kugusana na saruji mbichi. Fundi anayeziba maungio ya ukuta na paa kwa chokaa ya saruji bila kuweka kizuizi hujenga ugonjwa siku hiyohiyo.

Baada ya utando huja unene, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Sokoni bati hutajwa kwa geji, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Kwa kipimo cha zamani cha Kiingereza, geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 karibu milimita 0.3, na geji 32 robo ya milimita. Lakini neno "geji 28" likitamkwa na muuzaji halipimi kitu. Bati la milimita 0.35 huweza kuitwa hivyo bila aibu, na unene wa rangi nao ukajumlishwa ndani yake.

Dawa yake ni kuuliza milimita, na kutaka ziandikwe kwenye ankara. Mwenye wasiwasi anaweza kutumia mizani. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 0.4, kabla ya kukunjwa migongo, ina uzito wa kilo 3.1 hivi, na ya milimita 0.3 ina kilo 2.4 hivi. Kipande kilichokatwa kiwandani kikipimwa, ukweli hujulikana kabla gari halijapakiwa.

Unene hauzuii kutu kuanza, kwani hiyo ni kazi ya utando. Ila bati jembamba hubonyea fundi anapolikanyaga, tundu la msumari hutanuka upepo unapolitikisa, na kutu ikishaanza haina safari ndefu ya kutokea upande wa pili.

Hesabu yenyewe huanza na eneo, na kosa la kawaida ni kupima sakafu. Chukua nyumba ambayo kuta zake ni mita 9 kwa 12. Sakafu ni mita za mraba 108. Paa likitokeza sentimita 60 kila upande, eneo linalofunikwa huwa mita 10.2 kwa 13.2, yaani karibu mita za mraba 135. Mteremko wa nyuzi 25 huongeza asilimia kumi, na jumla hufika mita za mraba 149. Aliyenunua kwa kipimo cha sakafu amepungukiwa na mita za mraba 41, na atarudi dukani mara ya pili huku nyumba ikiwa wazi.

Kwa paa la pande mbili, kila bati la nyumba hiyo litakuwa na urefu wa mita 5.65. Sasa linakuja suala la upana, na bei ya kwa mita hulificha vizuri. Kila bati hupishana na jirani yake, kwa hiyo kinachomhusu mnunuzi ni upana unaobaki baada ya kupishana. Likifunika sentimita 90, yatahitajika mabati 15 kila upande, jumla 30, ambayo ni mita 169.5. Likifunika sentimita 75, yatahitajika 36, na urefu unakuwa mita 203.4.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba bati pana linauzwa Sh20,000 kwa mita na jembamba kwa upana linauzwa Sh18,000. La kwanza litagharimu Sh3,390,000 na la pili Sh3,661,200. Lililoonekana rahisi limezidi kwa zaidi ya Sh270,000, na hapo misumari ya ziada haijahesabiwa. Ni muhimu pia kuuliza iwapo bei iliyotajwa ina Kodi ya Ongezeko la Thamani ndani yake. Asilimia 18 ya Sh3,390,000 ni Sh610,200, na kiasi hicho kikijitokeza mwishoni humkuta mtu ameshalipa fundi.

Paa la pande nne, ambalo wengi hulipenda kwa sura, lina eneo lilelile kama mteremko na kutokeza kwake ni sawa. Gharama yake huzidi kwa sababu ya vipande vya pembetatu vinavyokatwa na kubaki chini, kofia za migongo na mbao za pembeni. Kila bonde linaloongezwa, yaani pale pande mbili za paa zinapokutana kwa ndani, ni mahali pengine pa kuvuja.

Mabati si gharama yote. Paa la zamani likifunguliwa ndipo kenchi zinapoonekana, na mara nyingi mbao zilizokuwa chini ya tundu linalovuja zimeoza, au mchwa wamekwishakula upande wa ndani na kuacha ganda. Mbao nyingi za kupaulia jijini hutoka kwenye misitu ya kupandwa ya Nyanda za Juu Kusini, hasa Mufindi. Zilizotiwa dawa huuzwa ghali kuliko ghafi, lakini dawa iliyopakwa juu kwa brashi ili kuleta rangi ya kijani haiingii ndani ya ubao. Kipande kikikatwa katikati, mnunuzi huona rangi imefika wapi.

Anayetaka kuhama kutoka bati kwenda vigae vya saruji anahitaji hesabu nyingine kabisa. Vigae hivyo vina uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa mita ya mraba, na kwa paa la mfano wetu ni takriban tani sita hadi saba na nusu. Mabati ya milimita 0.4 kwa paa hilohilo hayafiki hata tani moja. Kenchi zilizobeba bati kwa miaka 20 hazikuwekwa kwa mzigo huo, wala huenda kuta zenyewe.

Nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto zina gharama ya peke yake. Shirika la Afya Duniani limekwishasema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, na hatari huwa kubwa zaidi nyuzi zake zinaporuka hewani. Kuivunja kwa nyundo au kuikata kwa msumeno ikiwa kavu, kama inavyofanywa na vibarua wasioambiwa kitu, ni kuwatia sumu wao na majirani. Hulowanishwa, hushushwa nzima, hufungwa kwa plastiki na kupelekwa mahali palipoelekezwa na mamlaka. Kibarua mwenye kitambaa puani hafai kwa kazi hiyo.

Kuna mambo madogo ya fedha ndogo ambayo huamua umri wa paa. Mashine ya kukatia chuma yenye jiwe la moto huunguza utando na kurusha chembe za chuma juu ya bati jipya. Baada ya mvua mbili chembe hizo huwa madoa ya kutu, na mwenye nyumba humlaumu mwenye kiwanda. Mkasi wa bati hauleti balaa hilo. Ukanda wa chuma unaofunga kenchi kwenye ukuta nao si wa kuachwa. Kimbunga Hidaya kilichofika Kisiwa cha Mafia Mei 2024 kilikuwa kimepungua nguvu, lakini upepo wa bahari hauhitaji kuitwa kimbunga ili uinue paa lililoshikiliwa kwa misumari miwili.

Sehemu ya bati iliyo chini ya kipenu, ambako mvua haifiki kuosha chumvi, huoza mapema kuliko iliyo juani. Maji baridi ya bomba mara chache kwa mwaka huisaidia sana. Ama rangi, mtindo wa mapaa mekundu iliyokoza na kahawia unaendelea kupendwa, ingawa rangi nyepesi ndiyo inayorudisha jua na kuipunguzia nyumba joto la Januari.

Yote haya yanamrudia mstaafu aliyeshika kiinua mgongo chake, au mama aliyepokea zamu yake ya VICOBA, akisimama mbele ya kaunta. Bati la Sh14,000 kwa mita, badala ya lile la Sh20,000 la mfano wetu, litamwokolea Sh1,017,000 kwa mita 169.5. Si fedha ndogo. Ni ada ya shule. Lakini likioza mapema, atanunua tena mabati ya Sh2,373,000 kwa bei hiyohiyo, ikiwa haijapanda, na atalipa upya fundi, misumari, dari iliyolowa na nyaya za umeme zilizoguswa. Bei nayo haina subira. Malighafi ya mabati huagizwa kwa dola, na mwaka 2021, chuma kilipopanda duniani baada ya misukosuko ya UVIKO-19, wengi waliokuwa wakidunduliza walijikuta wakifukuza bei.

Asiye na fedha za kutosha ana njia ya kati: kuezua upande mmoja wa paa la pande mbili, ule unaopigwa na upepo wa bahari, na kuusubirisha mwingine. Inawezekana iwapo bati jipya lina migongo inayolingana na la zamani kwenye kofia ya juu.

Kazi yenyewe hupangwa Juni hadi Septemba, wakati masika yamekwisha na vuli haijaanza, na malipo ya fundi hutolewa kwa awamu, ya mwisho ikisubiri mvua ya kwanza. Turubai liwe limenunuliwa kabla bati la kwanza halijang'olewa. Mabati ya zamani yasiyotoboka sana hupata wateja wa mabanda na uzio, na yaliyooza huchukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Ni vizuri bei yake ikubaliwe mapema, kwani fundi naye kwa kawaida huwa ameshayahesabu kuwa yake.