Gemu za mwendo zinavyoamsha mkono uliopooza, na cha kufanya kama huna mashine

Mtu akipata kiharusi, au akigonga kichwa kwenye ajali ya bodaboda, mkono unaweza kugoma kabisa hata kama mfupa na msuli ni wazima. Kilichoumia ni ubongo unaotoa amri.

Kwa zaidi ya miaka 15 sasa, wataalamu wa fiziotherapia katika nchi mbalimbali wamekuwa wakiwachezesha wagonjwa wa aina hii gemu za video ili mkono ufanye kazi tena. Kwa familia yenye mgonjwa Mabawe, kata ya wilaya ya Ngara mkoani Kagera, maswali ni mawili. Hizo gemu zina nini ndani yake? Na kama mashine haipo, ndiyo basi?

Jibu fupi: hapana, siyo basi. Utafiti wenyewe unaonyesha hivyo.

Ni gemu gani hizi?

Siyo zile za kubonyeza vitufe ukiwa umejilaza kwenye kochi. Hapa mwili ndio unaocheza.

Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine iitwayo Wii. Rimoti yake ina sensa inayopima mwendo. Ukirusha mkono kama unapiga mpira wa tenisi, mchezaji kwenye TV naye anapiga. Baadaye ukaja ubao wa kusimamia unaopima uzito, ambao unajua kama umeegemea kulia au kushoto.

Mwaka 2010 Microsoft wakaleta Kinect, kamera inayofuatilia mwili wako bila wewe kushika kitu chochote.

Vyote hivi vilitengenezwa kwa ajili ya burudani ya sebuleni. Wataalamu wa tiba ndio walioona kwamba mgonjwa anayecheza bowling kwenye TV ananyanyua mkono mara nyingi kuliko anavyokubali akiambiwa tu "nyanyua, shusha".

Kwa nini kurudia ni muhimu?

Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Ila sehemu za jirani ambazo hazijaumia zinaweza kujifunza sehemu ya kazi iliyopotea.

Fikiria barabara iliyokatika kwa mvua. Watu wanaanza kupita pembeni. Mara ya kwanza ni majani tu, lakini wakipita kila siku panakuwa njia. Wasipopita, majani yanarudi. Ubongo nao hutengeneza njia mpya namna hiyo, kwa kufanya tendo lile lile tena na tena.

Shida ni kwamba wagonjwa wengi hawapati marudio ya kutosha. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo baada ya kufuatilia vipindi 312 vya mazoezi tiba huko Marekani na Kanada. Pale ambapo mkono ulifanyishwa matendo ya kazi, kama kufikia na kushika kitu, wastani ulikuwa mara 32 tu kwa kipindi. Wakati huohuo, kwenye majaribio ya wanyama ambako ubongo ulionekana kubadilika, marudio yalikuwa mamia kwa siku.

Hapo ndipo gemu inapoingia. Ukimwambia mtu anyanyue mkono mara 100, akifika 20 amechoka na amekata tamaa. Ukimwambia amebakiza alama tano amshinde mjukuu wake, ataendelea.

Utafiti unasemaje?

Mwaka 2016 jarida la Lancet Neurology lilichapisha utafiti ulioongozwa na Dk Gustavo Saposnik wa Toronto, Kanada. Wagonjwa wa kiharusi 141, kutoka Kanada, Argentina, Peru na Thailand, waligawanywa makundi mawili. Wote waliendelea na tiba yao ya kawaida.

Kundi la kwanza likaongezewa gemu za Wii: vipindi 10 vya saa moja, ndani ya wiki mbili. Kundi la pili likaongezewa michezo ya kawaida kwa muda ule ule: karata, bingo, kupanga vipande vya mbao, kucheza na mpira.

Makundi yote mawili yalipata nafuu. Wii haikuishinda karata.

Mwaka 2017 mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za afya, ulipitia majaribio 72 yenye washiriki 2,470. Ulikuta kwamba ukiondoa mazoezi ya kawaida na kuweka gemu mahali pake, mkono haupati faida zaidi. Ila gemu zikiongezwa juu ya tiba ya kawaida, mgonjwa akapata muda mwingi zaidi wa mazoezi, mkono unafanya vizuri zaidi.

Kwa lugha rahisi: kinachosaidia ni wingi wa mazoezi. Gemu ni chambo cha kumfanya mtu asiache.

Mabawe bila mashine

Ngara ni wilaya ya milima, inayopakana na Rwanda na Burundi. Hospitali ya rufaa ya kanda ya Bugando iko Mwanza, na hakuna familia ya kawaida inayoweza kumpeleka mgonjwa huko kila siku kwa ajili ya mazoezi. Mtaalamu anaweza kumpima na kumwelekeza, lakini mazoezi mengi yatafanyika nyumbani.

Habari njema ni kwamba karata zinauzwa dukani. Mambo haya yanaweza kugeuzwa kuwa gemu, baada ya mtaalamu kukubali:

- Bao. Kuchukua kete na kuzigawa shimo kwa shimo ni kazi nzuri ya vidole. Sharti: mgonjwa atumie mkono dhaifu.
- Maharage. Weka bakuli mbili. Ahamishe punje moja moja, na simu ihesabu dakika mbili. Andika idadi. Kesho avunje rekodi yake.
- Vikombe. Vikombe vya plastiki vipangwe mnara, vivunjwe, vipangwe tena.
- Karata au drafti. Kuvuta, kugeuza na kutupa karata kwa mkono ule uliolegea.
- Kiti. Kukaa na kusimama kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, huku mtu akiwa karibu.

Hata simu janja ya kawaida ina sensa ya mwendo. Gemu za kuinamisha simu kulia na kushoto zinaweza kumfaa mwenye nguvu ya kushika. Kamera nayo inasaidia: rekodi zoezi, kisha mtumie mtaalamu kwa WhatsApp akikubali, akuambie kama mwendo uko sawa.

Upendo unaochelewesha

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hufanya kwa nia njema. Mama akipooza, wanawe wanamlisha, wanamvalisha, wanamshikia hata kikombe. Mkono dhaifu unakaa tu kwenye khanga.

Mkono usiotumika ubongo huuzoea hivyo hivyo. Hata nguvu kidogo ikirudi, mtu anaendelea kutumia ule mzima tu. Mpe muda ajaribu kushika kikombe, hata akimwaga.

Kuna pia familia zinazopoteza wiki nyingi za mwanzo zikitafuta nani kamroga mgonjwa. Wiki na miezi ya mwanzo ndiyo ambayo kwa kawaida nafuu nyingi hupatikana. Ukitaka kumwombea, mwombee, lakini mazoezi yasisubiri.

Tahadhari

Saa 24 za kwanza baada ya kiharusi siyo wakati wa kumlazimisha mtu mazoezi mazito. Daktari ndiye anayesema lini aanze.

Usimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza ili kumwinua. Bega lililolegea huchomoka kirahisi.

Angalia udanganyifu wa mwili. Rimoti ya gemu haijui kama mtu amenyoosha mkono au ameinama mgongo mzima ili apate alama. Mtu aliyekaa pembeni ndiye anayeona.

Kwa aliyeumia kichwa kwenye ajali, uangalifu uongezwe. Tafiti za gemu kwa wagonjwa hawa ni chache kuliko za kiharusi. Wengi wao husumbuliwa na kizunguzungu, kuumwa kichwa na kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Baadhi hupata degedege, na wachache huamshiwa degedege na mwanga unaomweka wa kioo. Aanze na dakika chache, na maumivu yakianza, aache.

Kabla ya kutoka hospitali

Waliokuja kumchukua mgonjwa wamuulize mtaalamu mambo matatu: Ni matendo gani afanye nyumbani? Mara ngapi kwa siku? Ni dalili gani zikitokea tuache na kurudi?

Waandike majibu kwenye daftari, na chini yake waanze kuandika idadi ya kila siku. Mgonjwa akiona jana alihamisha punje sita na leo nane, atakuwa na sababu ya kukaa tena mezani kesho.