Padri Aliyetafuta Mwanzo wa Ulimwengu

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nawasimulia habari za Georges Lemaître, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1894. Alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi akabobea katika hisabati, kisha akaingia seminari. Mwaka 1923 akapata upadri. Hakuacha hesabu zake: katika picha alizopigwa pamoja na mwanafizikia Einstein, kola nyeupe ya upadri iko shingoni.

Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka. Unatanukaje? Tia hamira na zabibu kavu kwenye unga wa maandazi. Unga ukiumuka, kila zabibu huwa mbali zaidi na mwenzake, wala hakuna iliyotembea. Ndivyo zinavyoachana galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota. Mwanga wa zile za mbali hutufikia ukiwa umeegemea wekundu, dalili kwamba zinazidi kuwa mbali nasi.

Einstein alimwambia hesabu zake ni sahihi, ila fizikia yake inachukiza. Padri hakurudi nyuma. Mwaka 1931 akaongeza: kama vitu vyote leo vinaachana, basi zamani sana vilibanana pamoja. Wazo hilo ndilo lililozaa nadharia ya Mlipuko Mkuu.

Wapo wanasayansi walioshuku kwamba anapenyeza mahubiri ndani ya hesabu. Mwaka 1951, Papa Pius XII naye akahutubia akihusisha sayansi hiyo na uumbaji wa Mungu. Mnadhani Lemaître alifurahi? La hasha! Kwake nadharia ilipaswa kusimama au kuanguka kwa vipimo, na kila mtu aweze kuipima, anayesali na asiyesali. Imani yake hakuiegemeza kwenye hesabu inayoweza kurekebishwa kesho.

Vipimo vikaja. Mwaka 1965 wanasayansi Penzias na Wilson wa Marekani walitangaza kwamba antena yao inanasa mawimbi hafifu kutoka kila upande wa anga: masalia ya joto la mwanzo. Lemaître alipata habari hizo akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki Juni 1966.

Basi, wanangu, mtu akiwaambia mchague kati ya maabara na msikiti au kanisa, msimulieni habari za padri huyu. Salini kwa moyo, pimeni kwa makini, wala msiilazimishe sayansi kuitolea dini ushahidi, au dini kuifanyia sayansi hesabu.