Nailoni au florokaboni? Kabla ya kumnunulia mtoto mshipi, soma hapa

Pangani. Shule zinapofungwa, pwani ya Ushongo haikosi watoto wenye mishipi. Mmoja amezungushia wake kwenye chupa tupu ya maji, mwingine kwenye kipande cha ubao, na chambo kiko ndani ya kopo. Wengine wamefuatana na baba au mjomba. Wengine wamejiendea wenyewe.

Mshipi wa mtoto kwa kawaida hununuliwa bila maswali mengi. Unachukuliwa uliopo dukani, au mtoto anapewa kipande kilichobaki kwenye mshipi wa baba. Siku hizi swali limeongezeka, kwa sababu mbali na nailoni iliyozoeleka kuna uzi mwingine unaouzwa kwa bei ya juu zaidi, florokaboni, ambao husifiwa kuwa samaki hauoni.

Mzazi anayetaka mtoto wake afurahie kuvua anaweza kushawishika kununua huo wa ghali. Jibu fupi ni kwamba mtoto anayevulia ufukweni anatoshwa na nailoni. Florokaboni ina kazi yake, lakini ni kazi ya mtu mzima, na hata kwake kinachohitajika ni kipande kifupi tu karibu na ndoana. Zaidi ya hapo, yako mambo ya usalama ambayo uzi wa aina yoyote hauwezi kumfanyia mzazi.

Tofauti iko wapi?

Nailoni ilibuniwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont ya Marekani. Florokaboni ya kuvulia ilikuja baadaye, mwaka 1971, kutoka kampuni ya Kureha ya Japani. Zote mbili ni plastiki na zote huonekana kama uzi mmoja usiosokotwa, ndiyo maana ni rahisi kuzichanganya.

Tofauti ya kwanza ni jinsi mwanga unavyopita. Florokaboni hupindisha mwanga kwa kiwango kilicho karibu zaidi na cha maji kuliko nailoni, kwa hiyo ndani ya maji maangavu huonekana kwa shida. Haipotei kabisa machoni pa samaki kama inavyodaiwa, ila huonekana kidogo zaidi.

Ya pili ni uzito. Florokaboni ni nzito na huzama haraka. Nailoni ni nyepesi, inazidi maji ya bahari kidogo tu, hivyo huzama polepole.

Ya tatu ni kunyumbuka. Nailoni hunyumbuka na kufyonza maji, na ikilowa hulegea na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Florokaboni haifyonzi maji, ni ngumu zaidi na hustahimili vizuri kusuguana na mwamba au tumbawe.

Ya nne ni jua. Nailoni inayoachwa juani siku nyingi hudhoofika na kukatika kirahisi. Florokaboni huvumilia jua zaidi, jambo linaloonekana zuri mpaka pale uzi huo unapopotea baharini.

Samaki wenyewe wanasemaje?

Sifa ya kutoonekana ina maana pale maji yanapokuwa maangavu. Mtu mzima anayevua changu au chewa kwenye miamba, mchana, maji yakiwa yametulia, anaweza kuona faida ya kufunga kipande cha florokaboni chenye urefu wa mkono mmoja au miwili kati ya mshipi wake wa nailoni na ndoana. Mshipi mkuu unabaki nailoni, na gharama inabaki ndogo.

Hali ni tofauti karibu na mdomo wa Mto Pangani, hasa wakati wa masika, mto unapomwaga tope baharini. Hapo maji ni ya kahawia na samaki hutegemea zaidi harufu ya chambo. Usiku nako ni hivyo hivyo. Katika hali hizo, pesa iliyoongezwa kwa ajili ya florokaboni haina inachonunua.

Kwa samaki wenye meno makali kama nguru na mzia, nyuzi zote mbili hukatwa. Wanaowawinda hao hutumia kipande cha waya, na hiyo si kazi ya kumpa mtoto.

Liko pia suala la sheria linalowachanganya baadhi ya wazazi. Kanuni za uvuvi za Tanzania za mwaka 2009 zinakataza nyavu za nailoni ya uzi mmoja. Katazo hilo ni la nyavu. Halihusu mshipi wa mkono wenye ndoana.

Namna ya kutambua dukani

Uzi unaoitwa florokaboni si lazima uwe florokaboni. Mwingine ni nailoni iliyopakwa tabaka jembamba tu la juu. Soma karatasi ya kwenye kibiringo. Kama imeandikwa kuwa umepakwa, huo ni nailoni.

Kama hakuna maandishi ya kueleweka, omba kipande kifupi, kitie ndani ya glasi ya maji na ukisukume kwa kidole kipite chini ya uso wa maji. Florokaboni itashuka moja kwa moja. Nailoni itasitasita na kushuka taratibu.

Usikubali kipimo cha kiberiti, yaani kuchoma ncha ya uzi na kunusa moshi. Hapo ndipo afya inapoingia.

Usichome, usinuse

Kuna mazoea ya kukata uzi kwa moto wa kiberiti au sigara, na mabaki hutupwa jikoni au kwenye moto wa takataka. Florokaboni ina florini. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni floraidi, ambayo huwasha macho na koo na inaweza kudhuru mapafu. Moshi wa nailoni nao ni sumu, na matone yake yaliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuunguza.

Mtoto mwenye pumu asiwe karibu kabisa na moshi wa aina hiyo. Uzi ukatwe kwa mkasi au kikata kucha, kifaa cha bei ndogo ambacho ndoana haiwezi kukifanya cha hatari kama kisu mkononi mwa mtoto.

Usikatwe kwa meno pia. Uzi mgumu, hasa florokaboni, unaweza kumega meno, na mtoto anayekata uzi kwa meno huwa ameweka ndoana karibu na midomo yake. Fundo linapokazwa lilowekwe kwanza kwa maji ya bahari badala ya mate, kisha livutwe polepole. Fundo likikazwa kavu na kwa nguvu, uzi hupata joto na kudhoofika.

Risasi inayofungwa kwenye mshipi ili uzame nayo isitiwe mdomoni. Isiyeyushwe kwenye sufuria ya nyumbani wala mahali watoto walipo. Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Baada ya kuvua, mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Vidole, macho na mtoto anayetambaa

Majeraha mengi ya mshipi yanazuilika kwa kanuni moja: uzi usizungushwe mkononi wala kidoleni. Samaki mkubwa au wimbi likivuta, uzi mwembamba hukaza na kukata ngozi mpaka ndani. Florokaboni ni ngumu zaidi, kwa hiyo mvuto wa ghafla unaweza kufika kidoleni bila kupungua sana. Nailoni hunyumbuka na kupunguza mshtuko, sababu nyingine ya kumpa mtoto nailoni.

Uzi uzungushiwe kwenye chupa au ubao, na mtoto ashike chupa. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kinaweza kuvikwa kidoleni ili uzi upite juu yake.

Ndoana ikinasa kwenye mwamba, mtoto asivute kwa nguvu akiuelekezea uso wake. Nailoni iliyovutika ikikatika, risasi au ndoana inaweza kurudi kwa kasi na kupiga jicho. Amwite mtu mzima, na wengine wasogee pembeni.

Nyumbani, vipande vya uzi visiachwe sakafuni au kwenye mkeka. Uzi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto mchanga na kuzuia damu bila mtu kujua. Mtoto mchanga akilia bila sababu inayoonekana, mvue soksi na umkague vidole vyote. Kidole kikiwa kimevimba au kubadilika rangi na kuna uzi umezama, mpeleke hospitali haraka.

Ndoana ikiingia mwilini

Ndoana nyingi zina kijino cha kuizuia isitoke. Kuivuta kwa nguvu kule ilikotokea huchana nyama zaidi. Wahudumu wa afya hushauri hivi:

- Kata mshipi, uache kipande kifupi, na umtulize mtoto.
- Kama kijino hakijaingia, toa ndoana taratibu, osha kidonda kwa maji safi na sabuni.
- Kama kijino kimeingia, usiivute. Ifunge kwa kitambaa isitikisike, nenda zahanati au kituo cha afya.
- Kama imeingia jichoni au karibu na jicho, usiiguse kabisa. Funika jicho kwa kikombe safi kisichobonyeza, kisha wahi hospitali.

Kidonda cha ndoana ni kidogo kwa macho lakini ni kirefu, na pepopunda hupenda vidonda vya namna hiyo. Watoto wa Tanzania hupata kinga ya pepopunda ndani ya chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 baada ya kuzaliwa. Kinga hupungua kadiri miaka inavyopita, hivyo beba kadi ya kliniki na umuulize mhudumu kama mtoto anahitaji kuongezewa. Baba anayevua kila siku aulize na yake.

Uzi uliopotea unaishia wapi?

Karibu na Ushongo, ndani ya bahari, kiko Kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Kasa bado hutaga hapo, na kwa kuwa maji yangeharibu mayai, mengi yamekuwa yakihamishiwa ufukwe wa Ushongo na wahifadhi wa Sea Sense ili yaanguliwe salama. Uvuvi ndani ya hifadhi hiyo hauruhusiwi.

Uzi uliokatikia kwenye tumbawe hauozi kama kamba ya katani. Hubaki miaka mingi ukinasa kasa, ndege na samaki, na pia miguu ya watoto wanaoogelea. Florokaboni hukaa zaidi, kwa sababu haifyonzi maji na jua haliichakazi haraka.

Njia rahisi ya kupunguza hasara ni kufanya kipande cha mwisho, kile kinachoshika ndoana, kiwe dhaifu kidogo kuliko mshipi mkuu. Ikinasa, kitakatika hicho, na utakachoacha baharini ni kipande kifupi badala ya mita nyingi. Vipande vilivyochakaa vikatwekatwe vifupi, vitiwe kwenye chupa yenye kifuniko na kurudi nyumbani na takataka nyingine.

Mtoto avulie wapi?

Kuvua na mzazi ufukweni ni jambo moja, kupanda ngalawa kwenda kutafuta riziki ni jingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kwenda baharini miongoni mwa kazi za hatari ambazo mtoto hapaswi kufanyishwa. Mtoto avulie mahali ambapo mtu mzima anamwona, asisimame kwenye miamba maji yanapojaa, na avae viatu.

Kwa mzazi anayekwenda dukani wiki hii, orodha ni fupi: kibiringo kimoja cha nailoni, ndoana ndogo, kikata kucha, kipande cha mpira cha kuvaa kidoleni na chupa ya kuwekea mabaki. Anayetaka florokaboni kwa uvuvi wake wa miambani anunue kidogo, aihifadhi mbali na moto, na aihesabu inaporudi.