Mawe Yasiyohama: Jinsi ya Kuweka Ukingo wa Bustani Penye Mteremko

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii sote tumeiandika katika insha, lakini leo nataka tuitoe nje ya darasa tuipeleke bustanini. Msomaji mpendwa, hebu yatazame yale mawe meupe yanayopangwa kando ya nyasi na maua katika shule zetu nyingi. Kila muhula hupakwa chokaa yakang'aa kweli kweli. Mvua ya masika ikija, mengine hubingiria mpaka bondeni, nao udongo huyafuata. Kisa na maana? Mawe yamewekwa juu ya ardhi tu, hayakuzikwa.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Wakati wa likizo humsaidia mjomba wangu ambaye ni fundi wa mawe, na sehemu ya karo yangu hutoka katika kazi hiyo. Mjomba hulipwa kwa mita. Ukingo ukiporomoka, mwenye boma humwita airudie kazi bila malipo. Yaani kazi mbovu inaweza kunila karo! Ndiyo sababu mambo haya nimeyashika barabara.

Vifaa si vingi: jembe, sururu, sepeto, nyundo, kipande cha ubao, kamba, vigingi na pima maji. Kama huna pima maji ndefu, tafuta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uujaze maji na uhakikishe hauna mapovu ya hewa ndani. Maji katika ncha zote mbili za mpira husimama kimo kimoja, hata kama ncha moja iko mlimani na nyingine iko bondeni. Somo hili tulifunzwa katika fizikia. Mafundi nao hulitumia kila siku.

Kwanza, chora mstari wa ukingo. Ukitaka kona ya mviringo, laza kamba chini uipinde upendavyo, kisha mwaga jivu juu yake. Kamba ukiiondoa, alama inabaki.

Pili, pima mteremko. Tuseme ukingo wako una urefu wa mita 10. Piga kigingi juu na kingine chini, ufunge kamba iliyo sawa kwa pima maji. Ikiwa kamba iko sentimita 10 kutoka ardhini kule juu, na sentimita 70 kule chini, basi ardhi imeshuka sentimita 60. Hiyo ni sentimita 6 kwa kila mita.

Tatu, amua kama ukingo utafuata mteremko au utashuka kwa ngazi. Matofali madogo yanaweza kuufuata mteremko bila shida, maadamu ardhi imeshuka kwa usawa. Lakini penye mabonde na vichuguu, au ukitumia mawe makubwa ya kuchonga, ngazi ni bora. Katika mfano wetu, gawa mita 10 ziwe vipande 5 vya mita 2. Kila kipande kitakaa sawa, kisha kinachofuata kishuke sentimita 12.

Sasa jiwe lenyewe. Chukua jiwe lenye kimo cha sentimita 23. Mwanzo wa kila ngazi, upande wa juu, jiwe lizikwe sentimita 20, zionekane 3 tu. Mwisho wa ngazi, upande wa chini, litakuwa limezikwa sentimita 8 na kuonekana 15. Hapo bado thelusi ya jiwe iko ndani ya ardhi. Mjomba husema jiwe lisilozikwa thelusi ni mgeni, wakati wowote litaondoka.

Kuchimba na kupanga huanzia chini kwenda juu, ili kila ngazi iegemee ile iliyotangulia. Chimba mtaro kwa vipimo hivyo, uongeze sentimita 5 za kutandika murramu au mchanga. Mahali palipojazwa udongo mpya pashindiliwe sana, la sivyo mawe yatazama upande mmoja. Weka jiwe, weka ubao juu yake, ugonge polepole kwa nyundo huku ukitazama pima maji. Halafu jaza udongo pande zote mbili na ushindilie tena. Haraka haraka haina baraka.

Fauka ya hayo, usisahau maji. Ukingo unaokata mteremko ni kama boma dogo la kuzuia maji, na maji yakikosa njia yatajitafutia. Acha mwanya wa sentimita 5 hivi kila baada ya mita chache, nyuma yake utie kokoto ili maji yapite na udongo ubaki.

Tena kumbuka fyekeo. Upande wa nyasi, mawe yasijitokeze sana, kwani fyekeo likigonga jiwe huharibika, na kijiwe kinaweza kuruka kimpate mtu jichoni. Na kama nyasi zenu ni zile za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, zikagueni mara kwa mara. Nyasi hizo hutambaa juu na chini ya ardhi, na ukizipa nafasi zitameza ukingo wote.

Mtu anaweza kuuliza, "Mbona tujisumbue hivyo kwa sababu ya maua?" Si maua tu jamani. Udongo wa juu ndio wenye rutuba, na ukishakwenda mtoni haurudi. Miti tuliyopanda huachwa mizizi nje, njia zikajaa matope, nasi tukateleza na vitabu mkononi. Chokaa hupendeza macho, lakini haishiki udongo.

Kwa hivyo wenzangu, kabla hatujashika brashi muhula ujao, tushike sururu kwanza. Mawe tayari tunayo, na kamba si ghali. Haba na haba hujaza kibaba: hata mita 2 kwa wiki zinatosha. Shime!