Diski Ikigoma Katikati ya Msimu wa Kahawa

Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Umatengo, wilayani Mbinga, kinaweza kuweka hesabu zake zote kwenye kompyuta moja: nani kaleta kilo ngapi, nani alikopeshwa mbolea, nani bado anadai. Diski kuu ya kompyuta hiyo ikigoma, jasho la watu limo hatarini, na maabara za kitaalamu ziko mbali na ni ghali. Hata hivyo mengi yanaweza kuokolewa papo hapo Mbinga, mradi fundi ajue ugonjwa kabla ya kutibu.

Ndani ya diski mna sahani zenye utando wa sumaku. Katika aina moja ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa msaada wa hewa, vikiachana nazo kwa nanomita chache tu. Unywele una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo hata chembe ya vumbi ni kubwa mno mahali hapo. Diski ikigonga-gonga, huenda vichwa vimeumia. Izimwe hapo hapo, wala isifunguliwe mezani dukani. Wapo wanaoshauri kuiweka kwenye friji. Ushauri huo ni hatari kila mahali, na zaidi Mbamba Bay au Liuli, ambako joto lenye unyevu wa Ziwa Nyasa huacha matone ya maji juu ya chochote kilichotoka baridini.

Kimya kabisa ni habari nyingine, na pengine njema. Umeme ukipanda ghafla, diodi ndogo ya kinga kwenye bodi ya diski hujitoa mhanga. Fundi mwenye mita ya kupimia huweza kuigundua, na mara nyingine akiiondoa tu diski huzunguka tena, ingawa sasa haina kinga. Kubadilisha bodi nzima hakutoshi kwa diski nyingi za siku hizi: kila moja ina vipimo vyake vilivyohifadhiwa kwenye chipu, na chipu hiyo lazima ihamishwe.

Diski inayozunguka lakini inasoma kwa tabu ndiyo inayofaa kuokolewa kwa bei nafuu, na hapa ndipo wengi huharibu. Huanza kufungua mafaili moja moja, huku kompyuta ikirudia sekta mbovu mara nyingi na kuichosha diski iliyokwisha kudhoofika. Kinachotakiwa kwanza ni nakala ya diski nzima. Programu ya bure ya ddrescue, inayoendeshwa kwa Linux kutoka kwenye flashi, husoma kwanza sehemu zilizo nzima, huruka zile ngumu, kisha huzirudia mwishoni. Inaweka pia ramani ya kazi yake kwenye faili; umeme ukikatika usiku, asubuhi huendelea ilipoishia. Gharama kubwa inabaki kuwa diski ya pili yenye ukubwa wa kutosha.

Uchimbaji wote wa mafaili hufanywa kwenye nakala. Programu ya TestDisk hutafuta na kurekebisha jedwali la migawanyo lililoharibika. Hilo likishindikana, PhotoRec, nayo ya bure, hutambua mafaili kwa baiti zao za mwanzo: picha ya JPEG huanza na FF D8 FF. Majina ya mafaili kwa kawaida hupotea, kwa hiyo katibu wa chama atalazimika kufungua majedwali ya hesabu, moja baada ya jingine, akisoma majina ya wakulima na kilo zao, mpaka aupate msimu anaoutafuta.